BEI YA KAHAWA HUANZA MTINI

Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima wa kahawa wa mkoa wa Kilimanjaro, kabla ya kuanza kwa mavuno

 

Kila mwaka, nikipita vihambani wakati huu, huulizwa swali moja: "Bwana Shamba, mwaka huu bei ya kahawa itakuwaje?" Swali hili ni la haki. Ndani yake mna karo ya mtoto, bati la nyumba, na deni la dukani. Lakini leo nataka tuligeuze kidogo. Badala ya kuuliza bei itakuwaje, na tuulize hivi: katika bei hiyo, ni sehemu gani iliyo mikononi mwetu? Na ile iliyo mikononi mwetu, kwa nini mara nyingi hutuponyoka?

Jibu langu ni hili. Kahawa nzuri hupita katika mikono ya watu wengi: anayepogoa, anayechuma, anayemenya, anayeosha, anayeanika, karani wa chama, na kadhalika. Mmoja akikosea, kazi ya wote huharibika. Na mara nyingi hukosea si kwa uvivu, bali kwa sababu hakuambiwa, au aliambiwa asielewe. Basi leo tutasema juu ya kahawa, juu ya bei, na juu ya maneno tunayoambiana kazini.

BEI INATOKA WAPI?

Kwanza tukubali ukweli. Bei kubwa ya dunia hatuipangi sisi. Kahawa yetu ya arabika hufuata bei inayotajwa kila siku katika soko la New York, huko Marekani. Bei hiyo hupanda na kushuka kwa mambo yaliyo mbali nasi. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni mingi huko Brazil, nchi inayolima kahawa nyingi kupita zote duniani. Kahawa ikapungua, na mwaka 1977 bei ya New York ikapita dola 3 kwa ratili moja. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana kiasi cha kahawa ya kuuza yalivunjika, bei ikaanguka. Mwaka 2001 ilishuka hata chini ya senti 50 kwa ratili. Wengi wenu mwaikumbuka miaka ile, kwa kuwa wako waliong'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Kisha mapema mwaka 2025 bei ilipita dola 4 kwa ratili.

Ratili moja ni chini kidogo ya nusu kilo. Tazameni basi: kahawa ni ile ile, mlima ni ule ule, mkulima ni yule yule, lakini bei imetoka senti 50 ikafika dola 4. Mtu akikuahidi leo bei ya mwaka ujao, usimwamini, hata akiwa Bwana Shamba.

Lakini siku ile ile, katika mnada ule ule, mafungu mawili ya kahawa hupata bei mbili mbalimbali. Moja hugombewa na wanunuzi, jingine huachwa mpaka mwisho. New York haikutofautisha mafungu hayo. Yalitofautishwa huku kwetu, kihambani na katika chombo cha kumenyea. Hiyo ndiyo sehemu yetu ya bei.

BIDHAA TUNAYOIUZA

Mnunuzi hanunui jina la mlima tu. Hununua punje zilizopangwa kwa daraja, na ladha iliyomo kikombeni. Kahawa ikiisha kukobolewa kiwandani hupitishwa katika machekeche. Punje kubwa zisizopita katika tundu la kipimo cha 18, yaani milimita 7 na kidogo, huitwa AA. Zinazofuata huitwa A, kisha B, kisha C. Punje ya mviringo iliyokaa peke yake ndani ya tunda huitwa PB. Ziko na daraja za chini za punje zilizovunjika na zilizo nyepesi. Baada ya hapo waonjaji huikaanga, huisaga, na kuionja. Punje ikiwa kubwa lakini ina harufu ya uchachu au ya uvundo, ukubwa wake hautaiokoa.

Ukubwa wa punje hutengenezwa shambani kabla ya mavuno. Mbuni uliojaa matawi ya zamani huzaa punje ndogo. Kwa hiyo pogoa, weka samadi na mbolea kwa wakati, tandaza majani chini ili unyevu ukae, na uwaangalie kimatira, wadudu wafyonzao buni na kuziharibu punje zikiwa bado mtini. Mwenye mibuni ya zamani inayosumbuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na aulize habari za miche mipya inayostahimili magonjwa hayo, iliyotolewa na watafiti wetu wa kahawa wa Lyamungo.

Ladha nayo huhifadhiwa katika siku chache za mavuno. Mambo yake ni haya:

1. Chuma buni nyekundu tupu. Buni mbichi ina ladha chungu na ngozi isiyomenyeka vizuri. Iliyokaukia mtini iwekwe mbali.

2. Mimina buni ndani ya maji. Zinazoelea ni nyepesi au zimeliwa na wadudu. Ziondoe.

3. Menya siku ile ile uliyochuma. Buni ikilala ndani ya gunia huanza kuchacha. Tazama mashine isikate punje.

4. Vundika mpaka utelezi utoke, kisha osha kwa maji safi.

5. Anika juu ya kichanja cha waya, si juu ya udongo. Geuza mara kwa mara. Funika wakati wa jua kali la mchana, wakati wa mvua, na usiku.

6. Kahawa ikikauka, weka mahali pasipo unyevu, juu ya mbao, mbali na mafuta ya taa, mbolea na dawa. Kahawa hunyonya harufu upesi.

Haya mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Sikuja kuyarudia kama kasuku. Nimekuja kuuliza: ikiwa tunayajua, kwa nini gunia hukataliwa?

KOSA LANGU MWENYEWE

Nitawaambia kosa langu. Nilipokuwa kijana katika kazi hii, nilizunguka vijiji viwili nikifundisha kuvundika kahawa. Kimoja kiko juu, karibu na msitu, ambako baridi ni kali. Kingine kiko chini, ambako jua huwaka. Kote nilisema neno moja: "Vundikeni siku mbili, kisha mwoshe."

Kijiji cha juu walifanya kama nilivyosema. Kwa sababu ya baridi, siku mbili hazikutosha. Utelezi ulibaki, na kahawa ilipoanikwa ikashika madoa na ukungu. Kijiji cha chini nao walifanya kama nilivyosema. Kwa sababu ya joto, siku mbili zilizidi. Kahawa ikachacha, na harufu yake ulisikia hata hujafika uani. Wakulima wa vijiji vyote viwili walikuwa watiifu. Aliyeharibu kahawa yao ni mimi.

Mama mmoja wa kijiji cha chini, umri wa mama yangu mzazi, aliniita kando, hakunikosoa mbele ya watu. Akaniambia: "Mwanangu, wewe umetuambia siku. Kahawa haijui siku. Njoo nikuonyeshe." Akatia mkono ndani ya chombo, akasugua punje kidogo kwa maji. "Zikiteleza kama sabuni, bado. Zikikwaruza kama mchanga wa mtoni, tayari." Kisha akasimamisha fimbo ndani ya kahawa, akaichomoa. Tundu likabaki wazi, halikujaa. "Hiyo nayo ni alama," akasema.

Tangu siku ile sikumwambia mtu tena "siku mbili" peke yake. Husema: "Anza kutazama kesho yake, na uoshe mkono wako ukikuambia tayari." Neno hili lafaa juu na lafaa chini. Nilijifunza kwamba neno lisilo na alama ya kuonekana au kushikika si agizo, ni bahati nasibu.

MANENO KAZINI, NYUMBANI KWETU

Kihamba ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo. Kina mkubwa wa kazi, kina wafanyakazi, kina zamu. Lakini kiwandani maagizo huandikwa ukutani. Sisi husema tukiwa tumekwisha kufika njiani: "Chumeni ile ya upande wa mfereji!" kisha tunakwenda zetu. Jioni tunarudi na kugombana.

Yafaa mwenye shamba afanye mambo manne.

Kwanza, onyesha, usiseme tu. Asubuhi kabla ya kuanza, chuma buni tano: mbichi, ya manjano, nyekundu, iliyoiva kupita kiasi, na kavu. Ziweke kiganjani. Mwambie kila mchumaji: "Hii ndiyo ninayoitaka. Hizi sizitaki." Kazi hii ni ya dakika tano.

Pili, toa sababu. Mtu anayejua sababu hufanya kazi vizuri hata usipokuwapo. Usimwambie kijana, "Funika kahawa saa sita." Mwambie, "Funika saa sita, kwa kuwa jua kali hupasua ngozi, na punje iliyopasuka hupoteza rangi." Siku jua likiwaka saa tano, atafunika saa tano bila kuagizwa.

Tatu, mwombe arudie. Si kwa dharau. Sema: "Hebu niambie utaanzaje, nisije nikawa sikusema vizuri." Hapo utajua kama neno limefika. Akikosea kurudia, kosa ni lako, nawe walirekebisha kabla halijageuka hasara.

Nne, ipokee habari mbaya kwa utulivu. Mtoto akija kukuambia, "Baba, mvua ilininyeshea kahawa," ukamchapa, mwaka ujao mvua ikinyesha atanyamaza. Kahawa iliyonyeshewa na ikajulikana siku ile ile yaweza kutengwa. Iliyofichwa huingia katika gunia pamoja na nzuri, na gunia zima hushuka daraja. Hasira ya siku moja yaweza kukugharimu gunia.

Nataka pia muangalie ujira, kwa kuwa ujira nao husema. Wengi wetu huwalipa vibarua kwa debe. Mdomo unasema, "Chuma nyekundu tu," lakini fedha inasema, "Jaza debe upesi." Kibarua husikia fedha. Ndipo mbichi na nyekundu na majani huingia debeni pamoja. Mkulima mmoja niliyemtembelea aliacha kugombana na vibarua wake. Alitandika turubai chini ya mti, na kila debe lilimwagwa hapo mbele ya mchumaji mwenyewe. Mbichi zilitolewa, na debe la nyekundu tupu lililipwa zaidi kidogo. Siku ya kwanza palikuwa na manung'uniko. Siku ya tatu turubai lilikuwa karibu halina mbichi. Hakubadilisha watu, alipatanisha maneno yake na fedha yake.

Kuna neno jingine, nami nalisema kwa heshima mbele ya wazee. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayechuma, anayeosha na anayegeuza kahawa kichanjani. Lakini siku ya malipo, mama hajui kilo ni ngapi wala fedha ni ngapi. Mwaka ujao tunamwambia ageuze kahawa mara nyingi zaidi. Ataigeuza kwa moyo gani? Baba, ukirudi kutoka chamani, keti na mama wa nyumba, weka stakabadhi mezani, mhesabu pamoja. Anayejua mapato ya kazi yake huilinda kazi hiyo.

HESABU KABLA YA KUUZA

Sasa tuje kwenye bei. Mkulima asiyejua gharama yake hawezi kujua kama bei ni nzuri au mbaya. Nitatoa mfano. Takwimu hizi ni za kujifunzia tu, kila mtu aweke za kwake.

Tuseme nyumba moja yapeleka chamani kilo 200 za kahawa kavu. Gharama zake ni hizi:

Mbolea, shilingi 150,000.
Dawa, shilingi 120,000.
Kupogoa, shilingi 80,000.
Vibarua wa kuchuma, shilingi 180,000.
Magunia na usafiri, shilingi 30,000.
Kazi ya wenye nyumba, siku 60 kwa shilingi 5,000, ni shilingi 300,000.

Jumla ni shilingi 860,000. Gawa kwa kilo 200. Kila kilo imegharimu shilingi 4,300. Chama kikilipa shilingi 5,000 kwa kilo, faida ni shilingi 700 kwa kilo, yaani shilingi 140,000 kwa kahawa yote. Msiache kuhesabu kazi yenu wenyewe. Jasho lisipoandikwa, mtu aweza kufanya kazi mwaka mzima akidhani anapata faida, kumbe anajilipa chini ya kibarua.

Sasa tuseme mwaka wa pili ameongeza mbolea ya shilingi 100,000 na ujira wa kuchuma wa shilingi 90,000, akapata kilo 300. Gharama yote ni shilingi 1,050,000. Kila kilo sasa imegharimu shilingi 3,500. Bei ya dunia haikubadilika hata senti moja, lakini faida yake kwa kilo imetoka 700 ikawa 1,500. Hii nayo ni sehemu ya bei iliyo mikononi mwetu.

Lakini ipo mitego. Ule mkubwa ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Wenzetu wa Kagera huuita butura. Miezi ya njaa kabla ya mavuno mtu huja na fedha mkononi. Anasema, "Nitakupa shilingi 105,000 leo, utanipa kilo 30 kahawa ikiiva." Hiyo ni shilingi 3,500 kwa kilo. Msimu ukifika kilo 30 zile zina thamani ya shilingi 150,000. Maana yake umekopa 105,000 kwa miezi michache, ukalipa riba ya 45,000. Na zaidi ya hayo, mtu aliyekwisha kuuza mti hana moyo wa kungoja nyekundu. Huchuma mapema alipe deni. Kwa hiyo hasara ni mara mbili: bei na daraja.

Najua shida haina subira. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, hesabu zangu hazimrudishi darasani. Kwa hiyo sisemi, "Msikope." Nasema, kabla ya kukubali, fanya hesabu hii niliyoifanya, uitamke riba kwa sauti mbele ya mwenzako wa nyumbani. Kisha uliza kwanza katika chama cha akiba na mikopo, uza ndizi au maziwa, au uza mbuzi mmoja. Na malipo ya kahawa yakija, yagawe siku ile ile: sehemu ya karo, sehemu ya mbolea, sehemu ya miezi ya njaa. Fedha isiyopewa kazi hujitafutia kazi yenyewe.

MANENO KATIKA CHAMA

Nyumbani tumemaliza. Kahawa sasa imefika chamani. Hapa napo maneno huokoa au huharibu.

Wazee wetu walianza kuungana kuuza kahawa zamani. Chama cha wapandaji wenyeji wa Kilimanjaro kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaanzishwa muungano wa vyama vya ushirika tunaoujua kwa herufi KNCU. Lakini mwaka 1937 ziliingia ghasia. Bei ilikuwa imeshuka, na wakulima walitakiwa wauze kwa chama tu. Wengi hawakuelewa kwa nini wanapata kidogo, wakaona wanaibiwa. Wengine walikwenda kushambulia majengo ya vyama. Majengo yale yalikuwa ya nani? Yalikuwa ya wakulima wenyewe. Bei ya dunia ikishuka na habari zisitolewe, mtu huipiga nyumba yake mwenyewe akidhani ni ya adui.

Basi yafaa chama kiseme, na mwanachama aulize.

Karani, mbele ya mkulima onyesha kwamba mizani inasoma sifuri kabla hujaweka gunia. Soma uzito kwa sauti. Andika, kisha mpe stakabadhi mkononi. Ukilikataa gunia, usiseme tu, "Hii mbaya, rudi nayo." Chukua punje kiganjani, mwonyeshe: "Mzee, hizi bado zina unyevu. Zianike siku mbili tatu, kisha nitazipima tena." Mtu aliyeonyeshwa hurudi na kahawa nzuri. Mtu aliyefukuzwa hupeleka gunia lake kwa mlanguzi.

Viongozi, wekeni ubao mlangoni. Uandikwe malipo ya awali kwa kilo, makato na kazi ya kila kato, na tarehe. Malipo ya awali yaitwe kwa jina lake. Waambieni watu wazi: hii si bei yote, malipo ya pili yatategemea mauzo. Wala msiahidi malipo ya pili kabla kahawa haijauzwa. Na bei ikishuka, itisheni mkutano mapema, msingoje watu wasikie habari kilabuni.

Wanachama, msiende mkutanoni kulalamika tu. Nendeni na maswali matano, mkayaulize kwa utaratibu:

1. Kilo ngapi zilipelekwa kiwandani kukobolewa?
2. Kilo ngapi za kahawa safi zilirudi?
3. Zilipata daraja gani, kila daraja kilo ngapi?
4. Kila daraja liliuzwa kwa bei gani, na lini?
5. Makato yalikuwa nini na nini?

Swali la pili huwatia watu wengi mashaka bure. Kahawa ikikobolewa ile ngozi nyembamba hutoka, kwa hiyo katika kila kilo 100 za kahawa kavu, hupatikana kilo 80 hivi za kahawa safi. Hizo 20 si za kuibiwa. Lakini zikirudi kilo 65, mna haki ya kuuliza sana. Na swali la tatu ndilo walimu wenu kwa mwaka ujao. Mkisikia punje nyingi zilikatwa, tazameni mashine zenu za kumenyea. Mkisikia uchachu, tazameni vyombo vya kuvundikia. Mnunuzi asiyekuja hapa husema nasi kwa njia ya daraja. Tusiposoma maneno yake, tutarudia kosa lile lile.

USICHANGANYE

Jambo la mwisho ni dogo kulisema, kubwa kulitenda. Usichanganye. Kahawa ya mchumo wa leo usiichanganye na ya wiki iliyopita yenye unyevu tofauti. Nzuri usiichanganye na iliyonyeshewa ili kuongeza uzito. Weka kila fungu peke yake, na ufunge kipande cha karatasi chenye tarehe ya kuchumwa na jina la aliyeanika. Mtu akiandikwa jina lake juu ya kazi yake, huitazama mara ya pili.

Chama nacho kikitenga mafungu mazuri, chaweza kuyapeleka mnadani peke yake, au kumtafutia mnunuzi wa nje wa moja kwa moja. Mnunuzi wa namna hiyo hulipa zaidi kwa sharti moja: kahawa ya mwaka huu iwe kama ya mwaka jana. Ukimtumia sampuli nzuri kisha ukampelekea mchanganyiko, umemwambia uongo, naye hatarudi. Sampuli ni ahadi.

YA KUKUMBUKA

Ndugu zangu, sasa namaliza. Bei ya New York itapanda, itashuka. Mwaka ikipanda, mwenye kahawa nzuri atapata zaidi ya jirani yake. Mwaka ikishuka, mwenye gharama ndogo kwa kilo atasimama wakati mwenzake anang'oa mibuni.

Chuma nyekundu, na umwonyeshe mchumaji nyekundu ni ipi.
Lipa kwa ubora, si kwa wingi tu.
Onja kuvundika kwa mkono, si kwa kalenda.
Andika gharama, na jasho lako pia.
Itamke riba kwa sauti kabla ya kuuza mti.
Kaa na mama wa nyumba, mhesabu pamoja.
Uliza chamani kwa utaratibu, na ujibiwe kwa ukweli.

Sasa nawaombeni jambo moja. Nimesema sana, na nimewaambia kwamba asemaye ahakikishe neno limefika. Kwa hiyo kabla hatujaondoka, na asimame mzee mmoja, mama mmoja, na kijana mmoja, waniambie watafanya nini kesho asubuhi wakiingia kihambani. Wakikosea, kosa ni langu, nami nitaeleza tena.